Haya ya Mtoto na Kiburi cha Mwalimu

Wapo walimu katika Afrika ya Mashariki wanaoamini kwamba mtoto hujifunza Kiingereza kwa kunyimwa lugha yake. Wakutanapo na mwanafunzi mwenye haya, ambaye lugha ya kwao ndiyo lugha yao pia, huificha lugha hiyo kama mtu afichavyo kidonda, wakamsemesha Kiingereza kitupu tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Mtoto akinyamaza, huitwa mzito wa akili. Sisi twasema kwamba hiyo ni dhuluma, na tena ni ufundishaji mbaya.

Na tuitazame Uganda ya mashariki, penye Kisoga upande wa Jinja na Kimasaba upande wa Mbale. Mtaala ulioanza mwaka 2007 unaagiza mtoto afundishwe kwa lugha ya kwao katika darasa la 1 hadi la 3, darasa la 4 liwe la kuvukia, kisha Kiingereza kishike hatamu. Mijini, penye watoto wa makabila mengi, Kiingereza huruhusiwa tangu mwanzo. Jinja ni mji wa namna hiyo: viwanda vilivyostawi kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, vilikusanya wafanyakazi wa kila kabila. Hatumlaumu mwalimu wa darasa kama hilo, kwani hawezi kusema lugha za wote. Lakini jioni, Msoga aketipo na mtoto mmoja Msoga kwa masomo ya ziada, au Mgisu na Mgisu mwenzake kule Mbale, ana udhuru gani?

Mwalimu huyo anayo hazina ambayo mgeni kutoka London hana. Mtoto asemapo «he» akimtaja mama yake, mgeni husikia kosa tu. Mwalimu wa kwao ajua kwamba Kisoga na Kimasaba, kama Kiswahili, havitenganishi mume na mke katika nafsi ya tatu. Maelezo mafupi kwa lugha yao yatamfumbua mtoto macho kuliko kusahihishwa mara mia. Vivyo hivyo mtoto Msoga achanganyapo «road» na «load»: katika Kisoga, sauti za l na r hazitofautishi maana. Mwenye kujua chanzo cha kosa hamcheki mkosaji.

Wapinzani wetu watasema kwamba mtihani wa kumaliza shule ya msingi huandikwa kwa Kiingereza. Ndivyo, na kwa sababu hiyo twataka Kiingereza kifundishwe kikaeleweka. Tangu mwaka 1953 UNESCO ilikwisha tamka kwamba chombo bora cha kumfundishia mtoto ni lugha ya mama yake. Watasema pia kwamba mtoto atazoea kuegemea. Mtoto ajifunzaye kutembea hushikwa mkono. Nani amewahi kumwona mtu aliyeshikwa mkono na mamaye hata akaoa? Mwalimu amwache mtoto aulize kwa lugha ya kwao, amjibu kwa Kiingereza chepesi, kisha apunguze msaada kadiri ulimi unavyofunguka.

Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi watoto wa shule nchini Kenya walivyochapwa, au kuvishwa bamba la chuma shingoni, kwa kosa la kusema Kikuyu. Mwalimu anayeikana lugha ya mtoto hata wakiwa wawili peke yao amelihamisha bamba lile tu, kutoka shingoni hadi ulimini.

Wenzetu wa Kiswahili wasidhani kwamba neno hili ni la walimu wa Kiingereza pekee. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 baraza la mawaziri lilipendekeza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Twalifurahia jambo hilo. Hata hivyo, tukumbuke kwamba Waganda wengi walikisikia Kiswahili kwanza katika amri za askari. Tukiingia Jinja na Mbale na fimbo ile ile ya Kiingereza, tukamcheka mtoto asemaye «kula» mahali pa «kura», tutakuwa tumeithibitisha hofu hiyo kwa mikono yetu.

Mkataa kwao mtumwa, nasi hatukupewa chaki ili tuwafunze watoto utumwa. Mtoto aliyenyamaza mbele yetu ana lugha nzima kifuani. Kazi yetu ni kumwongezea ya pili na ya tatu, nayo ya kwanza ikiwa imesimama imara.