Vikorombwezo vya blogu: nani atavilea?

Wadau, leo tuongee kidogo lugha ya mafundi.

Baadhi yetu tumechoka kuwa wapangaji kwenye blogu za watu, tunajijengea wenyewe. Kwa anayejua Python, Django ndiyo iko karibu. Shida ni homa inayofuata: leo unaongeza sehemu ya maoni, kesho kura, keshokutwa vitufe vya kila mtandao wa kijamii. Mimi nasema tupunguze.

Tukumbuke Django ilikozaliwa. Ilianza 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World, Kansas, Marekani, ikatolewa bure kwa umma mwaka 2005. Ilitokana na kazi za habari, na vitu vya lazima vimo ndani tayari: ukurasa wa kuingizia makala, mlisho wa RSS, ramani ya tovuti kwa ajili ya mitambo ya kutafuta. Mlisho ni mistari michache tu ya msimbo: kichwa, kiungo, maelezo na orodha ya makala. Basi.

Sehemu ya maoni nayo ilikuwemo. Toleo la 1.6 la mwaka 2013 likatangaza kwamba itaondolewa, na toleo la 1.8 la 2015 likaiondoa, ikawa kifurushi cha pembeni. Aliyeitegemea ilimbidi ahamie huko au atafute njia nyingine.

Kama wenyewe wameacha kubeba mzigo huo, itakuwaje kwa kiongezo cha mtu mmoja anayejitolea usiku? Django hutoa toleo jipya takriban kila miezi minane. Mwenye kiongezo akichoka, una mawili: ubaki na toleo la zamani ambalo mwisho wake halizibwi tena mianya ya usalama, au ukiondoe, na waliyoandika wasomaji yapotee ukurasani. Kwa mwandishi, hayo ni amana.

Kwa hiyo kabla hujaongeza jina jingine kwenye faili la mipangilio, jiulize: Kiongezo hiki kilirekebishwa lini mara ya mwisho? Nikihama, nitaondoka na yaliyomo? Kuna msomaji anayekihitaji, au nataka tu kuwakoga wenzangu? Jibu moja likikutia shaka, achana nacho.

Usione vyaelea, vimeundwa. Na vikishaundwa, vinataka mlezi.

Mnasemaje?