Paka Mgeni Asifungiwe Njaa

Wengi wetu tukitaka paka huchukua kitoto kichanga, tukakifungia ghalani bila chakula ili kikamate panya. Mimi sikubaliani na desturi hiyo. Kitoto kisitengwe na mama yake kabla ya majuma 8, kwani mama ndiye mwalimu wake wa kuwinda. Chagua kichangamfu, chenye macho maangavu. Kikifika, kikae ndani majuma 2 kipate kuzoea nyumba. Kikitimiza miezi 3 kichanjwe, maana hata paka hupata kichaa cha mbwa. Paka aliyeshiba huwinda vilevile. Mwenye njaa huhamia kwa jirani, akawaachia panya mahindi yetu. Basi wenzangu, likizo hii tuwaeleze wazee wetu kwa adabu.