FARAGHA YA NANI?

Siku hizi kijana akioa, au mtu na mkewe wakipata likizo baada ya kazi ya mwaka mzima, neno la kwanza linalotafutwa ni faragha. Wataka mchanga mweupe, minazi, maji ya samawati, na pasiwe na mtu. Hatuna ugomvi na hamu hiyo. Mtu na mkewe wana haki ya kupumzika peke yao, na wala fungate si jambo lililoletwa na Wazungu. Wazee wetu wa pwani waliwaweka maharusi ndani siku saba kabla hoteli ya kwanza haijajengwa. Ugomvi wetu ni na lile neno la mwisho: pasiwe na mtu.

Twauliza, mtu yupi? Maana pwani yetu haikuwa tupu hata siku moja. Pale panapoonekana patupu katika picha za matangazo ndipo akina mama wanapopita maji yakipwa, wakienda kuchokoa pweza na kutazama mashamba yao ya mwani. Alfajiri pale pale ni diko la ngalawa. Na vile visiwa vidogo visivyo na mji ni madago, ambako wavuvi huhamia siku kadhaa wakifuata samaki. Ukiambiwa kwamba pwani fulani haina mtu, basi ama anayekuambia hakutazama, ama yuko mtu aliyeondoshwa ili wewe na mkeo mpate kupigwa picha.

Wako vijana wetu wenye mshahara mzuri wanaoona haya kusema walikwenda Mafia, lakini hujivuna wakisema walikwenda Maldivi. Hebu tuitazame hiyo Maldivi. Hoteli ya kwanza ya watalii ilifunguliwa huko mwaka 1972, na utaratibu ulioenea ni kisiwa kimoja hoteli moja: mgeni kwenye kisiwa chake, mwenyeji kwenye kisiwa chake, na katikati bahari. Ni mwaka 2009 ndipo wananchi waliporuhusiwa kufungua nyumba za wageni katika visiwa wanamoishi wenyewe. Ni kweli kwamba serikali yao ni yao na utaratibu waliuchagua wenyewe, nasi hatuwafundishi. Lakini sisi, ambao mji wetu wa Dar es Salaam mkoloni aliugawa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, twaijua hali hiyo tangu zamani. Hatuoni haja ya kulipa nauli ya ndege kwenda kuitazama tena.

Wala mjadala huu si mgeni hapa kwetu. Mwaka 1970 vijana wa TANU Youth League na wasomi walibishana magazetini kama utalii wafaa katika nchi inayojenga ujamaa, na mabishano yale Issa Shivji aliyakusanya katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Waliosema utalii utatufanya watumishi walikuwa na hoja, na waliosema twahitaji fedha za kigeni walikuwa na hoja. Hatutaki kuyafufua yote. Ila mgeni waliyemfikiria zaidi siku zile alikuwa mtu wa ng'ambo. Leo mgeni huyo aweza kuwa mwalimu wa Dodoma na mkewe, na hapo ndipo mambo yanapofichuka.

Maana mwalimu huyo akifika langoni hutazamwa kwanza miguu. Sisi wenyewe, katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja ambayo jina lake tunaliacha, tuliulizwa na askari tunamtafuta nani, hali tulikuwa na risiti ya chumba mkononi. Mzungu aliyekuwa nyuma yetu alipita akipunga mkono tu, wala hakuulizwa kitu. Askari yule ni ndugu yetu, hatumlaumu sana. Amefundishwa na aliyemwajiri kwamba mtu mweusi pwani ama ni mtumishi ama ni mwizi. Nani aliyemfundisha hivyo miaka sitini na zaidi baada ya Uhuru na Mapinduzi?

Watajibu wenye hoteli: mwawatisha wawekezaji, mgeni hulipia utulivu, na papasi wanasumbua. Kwa papasi twakubali. Mtu na mkewe wakifuatwa pwani nzima na kijana mwenye shanga na bei za safari ya pomboo, hawajapumzika. Lakini ukuta haujamwondoa papasi popote. Yeye hungoja kwenye maji, hapo ukuta unapokoma. Anayezuiwa na ukuta ni mvuvi mwenye nyavu begani na mama mwenye gunia la mwani, kwa kuwa wao wana haraka na mzigo, wala hawana muda wa kungoja. Mambo ya papasi ni ya kamati ya kijiji, na panapo kamati yenye nguvu yamekwisha kupungua.

Na sheria nayo ipo. Kwa Tanzania Bara, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Mwekezaji hupewa muda, hapewi bahari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Twawaomba wasomaji wetu, wakienda kustarehe, wapime kwa hatua zao wenyewe kutoka alama ya maji kujaa hadi kwenye baa ya hoteli. Ni mazoezi mazuri ya mwili.

Basi mtu aende wapi? Faragha haihitaji kumfukuza mtu, nayo twaweza kuitolea mifano. Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Unguja, kimehifadhiwa tangu mwaka 1994: nyumba saba tu, maji yakingwa ya mvua, mnara wa taa wa mwaka 1904, na watoto wa shule huletwa kujifunza matumbawe. Uvuvi umekatazwa kwenye mwamba ule na bei yake si ya mwalimu, tusifichane, lakini angalau mtoto wa Unguja hukanyaga pale. Misali, upande wa magharibi wa Pemba, hakuna hoteli kabisa. Mwakwenda asubuhi na kurudi jioni, na wavuvi mtawakuta. Wazee wa huko husimulia kwamba Nabii Hadhara aliomba msala wa kuswalia, wavuvi wakawa hawana, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, ndipo kikapata jina. Sehemu yenye faragha kuliko hiyo hatuijui.

Na Mafia ipo. Hifadhi ya bahari ya huko ni ya mwaka 1995, na watu wa Chole, Juani na Jibondo wanaishi ndani yake na kuvua humo. Kuanzia Oktoba hadi karibu Machi papa potwe huonekana baharini mbele ya Kilindoni. Mtu aweza kupanda boti Nyamisati, akalala nyumba ya wageni ya mwenyeji, akavuka kwenda Chole na wanakijiji katika mashua yao, na bado akapata mchanga wa peke yake na mkewe jioni.

Jambo moja ambalo matangazo huliruka: tazameni mwezi kabla ya kulipa. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvu, na pwani ya Paje na Jambiani maji hukimbia mbali sana, watu wa bara wakadhani bahari imehama. Anayetaka kuogelea saa zote aende Nungwi au Kendwa, ijapokuwa huko faragha ni haba. Masika, Machi hadi Mei, bei hushuka, chukueni mwavuli.

Na kabla ya kulipa, pigeni simu muulize: njia ya wavuvi ipo wapi, na je, yapitika usiku? Wanaofanya kazi hapo wametoka kijiji gani? Hoteli ikishindwa kujibu swali la njia, fedha zenu zina pengine pa kwenda.

Serikali ya Mapinduzi ilitangaza mwaka 2021 mpango wa kukodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji. Hatupingi kila mkataba kabla ya kuusoma. Twataka tuusome. Twataka katika kila mkataba yaandikwe madiko, madago na njia za miguu, kwa majina yake yanayojulikana na wavuvi, na karatasi hiyo ibandikwe ofisi ya sheha ili kila mtu aione.