KAZI ZA MIKONO: Ribiti za Mpini wa Kisu

Kisu husifiwa kwa makali yake, walakini mara nyingi huharibikia penye mpini. Mbao hulegea, maji na mafuta ya nyama huingia, na siku moja kisu humgeukia mtumiaji mkononi kikamkata. Hapo lawama humwangukia fundi, hata kama chuma chake ni chema.

Zamani wahunzi wa Kikuyu, waliopata chuma kutoka mchanga mweusi wa mitoni, walishindilia msuka mwembamba ndani ya mti. Siku hizi mafundi wengi wa jua kali wa Nyeri, Karatina na Nanyuki huacha msuka mpana, wakaubana kwa mbao mbili na ribiti zipitazo katikati. Basi yampasa fundi kuchagua ribiti hizo kwa akili.

Walio wengi hukata msumari, kwa kuwa hauna gharama. Msumari wakubali nyundo vizuri. Ubaya wake ni kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hutanua tundu, na mti hupasuka kutoka ndani, mahali pasipoonekana. Waya wa alumini nao ni dhaifu. Tena ukigusana na chuma cha kisu penye chumvi na unyevu, huliwa ukawa unga mweupe.

Shaba nyekundu hufulika kwa urahisi, nayo yafaa kisu kidogo cha nyumbani; kwa kazi nzito ni laini mno. Shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, ni ngumu zaidi na bado hukubali nyundo. Kwa visu vya shamba na vya muuza nyama hiyo ndiyo ifaayo. Ikiwa ngumu mno, ipashwe moto hata iwe nyekundu hafifu, ikipoa italainika. Hata hivyo, shaba ikikaa na chuma penye unyevu, chuma ndicho kiliwacho. Kwa hiyo gundi isiyopitisha maji na ijaze kila nafasi.

Matundu ya msuka yatobolewe kabla kisu hakijatiwa ugumu. Mti uwe mkavu kabisa, hata ukiwa mutamaiyu, yaani mzeituni wa mwitu, kwa maana mti mbichi hunywea baadaye na kuacha mwanya. Ribiti ya milimita 5 ipite katika tundu bila kulegea, na izidi mbao kwa milimita 2 hivi kila upande. Kisha ncha zake zigongwe polepole kuzunguka ukingo. Pigo moja la nguvu laweza kupasua kazi ya siku nzima.

Jambo moja zaidi. Shaba hupatikana kwa wauza vyuma chakavu, lakini fundi asinunue waya asioujua ulikotoka. Januari 2022 Serikali ya Kenya ilisimamisha biashara hiyo baada ya nguzo za umeme kuharibiwa, na mpaka ilipofunguliwa tena Mei, waaminifu waliumia pamoja na wezi.

Gharama ya ribiti mbili njema ni ndogo kuliko ya mteja asiyerudi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na ufa wa mpini huanzia kwenye tundu la ribiti.