Kisu cha Springi au Kisu cha Kung'aa?

Najua kurasa za jarida hili zimezoea insha za nidhamu, mihadarati na mapenzi ya ujanani. Mimi mwaka huu naandika juu ya kisu. Tafadhali msishtuke! Sizungumzii kisu cha kutishia watu stejini giza likiingia. Nazungumzia kisu cha kazi: kile cha kumenyea viazi, cha kukatia sukuma wiki, na kile kidogo cha kukunja ambacho fundi wa stima hukitumia kuchunia nyaya. Swali langu ni moja tu. Kiwe cha chuma gani?

Hapa Kariobangi swali hili lina majibu mawili. La kwanza ni kisu cha kung'aa, kile tunachokiita stenlesi, ambacho wachuuzi hukitembeza mkononi kuanzia sokoni hadi kwenye foleni za matatu. Kina mpini wa plastiki wa rangi ya kuvutia, na bei yake ni ya kutupa. La pili ni kisu cha fundi wa jua kali, kilichofuliwa kutokana na springi kuukuu ya lori au matatu kule Light Industries au Gikomba. Hiki ni cheusi, kizito, mpini wake ni kipande cha mti kisicho na urembo wowote, na bei yake ni karibu maradufu. Wengi wetu hukiangalia na kucheka. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nami nikiwaona wachuuzi wale wakizunguka na visu vyao jua likiwaka, methali hiyo hunijia bila kuitwa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili nisiwapotezee wakati: kwa mtu anayekata kutwa nzima, kisu cha springi ndicho kisu. Sasa nitaeleza kwa nini, na msomaji mpenzi, kumbuka kuwa haya si maneno ya vijiweni tu bali tumeyasoma darasani.

Kaboni tuliisoma kidato cha pili. Chuma kikiwa na kaboni kidogo sana, mfano ile nondo ya kujengea ambayo ina karibu asilimia 0.2, hakiwezi kuwa kigumu hata ukifanyeje. Springi ya gari ina karibu asilimia 0.6, yaani mara tatu ya nondo. Tupa ya fundi ina asilimia 1 au zaidi, ndiyo maana ni ngumu lakini ukiiangusha kwenye saruji yaweza kuvunjika vipande viwili. Chuma chenye kaboni ya kutosha ndicho kinachoitwa pua (si ile ya usoni!), na ile pua bora kabisa washairi wa pwani waliiita feleji walipoimba sifa za panga.

Lakini kaboni peke yake haitoshi. Fundi hukichoma chuma hadi kiwe chekundu na sumaku ikatae kukivuta, joto la nyuzi kama 770. Hapo hukizamisha ghafla katika mafuta, na mara nyingi hayo huwa oili chafu ya injini. Kikitoka kimekuwa kigumu kama kioo na chepesi kuvunjika, kwa hiyo hupashwa moto tena polepole hadi rangi ya manjano ya majani makavu ionekane juu yake, nyuzi 200 na kitu hivi. Ugumu unapungua kidogo, ustahimilivu unaongezeka. Nimesimama mara nyingi nikitazama kazi hii nikitoka shule, na nasema bila haya kwamba nimejifunza kemia zaidi pale kuliko katika vitabu vingine vinavyotubebesha mikoba mizito.

Na stenlesi je? Hiki ni chuma kilichochanganywa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu hiyo hujitandaza juu kama ngozi nyembamba isiyoonekana, na kutu haipati mlango. Mwingereza Harry Brearley alitengeneza aina yake mwaka 1913 huko Sheffield, mji wa wahunzi wa visu, akiwa anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki. Inasemekana mwanzoni wahunzi wenzake walimdhihaki kuwa amevumbua visu visivyokata. Dhihaka hiyo imeshapitwa na wakati, maana leo kuna stenlesi nzuri mno, zenye kaboni ya kutosha na zilizochomwa kwa ustadi. Wenye mabucha huzitumia, na nawaunga mkono, kwani kisu cha nyama huoshwa mara ngapi kwa siku? Shida ni kwamba stenlesi hiyo nzuri haiuzwi kwenye foleni ya matatu. Inayouzwa hapo ni bati jepesi lenye kaboni haba, tena pengine halikuchomwa ipasavyo. Makali yake hayakwaruziki tu, bali hukunjika upande mmoja kama sikio la daftari.

Mtasema, "Wee, kisu ni kisu, kelele za nini?" Ngojeni basi niwaeleze.

Shangazi yangu anauza mboga katika kibanda kisicho mbali na soko. Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku, watu wanaotoka kazini humjia wakisema neno moja: "Nikatie." Hukunja majani ya sukuma yakawa fundo kubwa, akayashika kwa mkono wa kushoto na kuyakata membamba kama nyuzi. Mteja hanunui mboga pekee, ananunua pia ule mkato, kwa sababu akifika nyumbani anataka kutia sufuriani mara moja. Sasa kisu kikiwa butu, majani hayakatwi, yanapondwa. Maji yanatoka, mboga inakuwa nyeusi, foleni inakuwa ndefu na wateja wa nyuma wanahamia kibanda cha jirani. Tena kisu butu huhitaji nguvu, na nguvu hiyo ikiteleza huenda kwenye kidole. Muhula uliopita shangazi alinunua visu vitatu vya kung'aa, kila kimoja shilingi 100. Cha tatu kilimkata kidole gumba, akafunga kibanda siku mbili. Jumlisheni wenyewe: shilingi 300 za visu, faida ya siku mbili, na pesa za dawa. Ile bei ya kutupa ilimtupa yeye.

Baada ya hapo alinunua kisu cha springi kwa shilingi 200. Hukipitisha kwenye kinoo asubuhi, mara kumi upande huu na mara kumi upande ule, na kinamfikisha jioni. Hapo ndipo nilipoona faida nyingine ambayo watu hawaitaji: chuma cha springi kinanoleka. Hata ukikosa kinoo, sehemu ya chini ya kikombe cha udongo, ile isiyopakwa rangi, yatosha.

Hata hivyo sitaki kuonekana mpambe wa mafundi, maana makosa wanayo. La kwanza ni udanganyifu. Wako wanaochukua kipande cha bati nene au chuma cha dirisha, wakakisugua, wakakupa wakisema ati ni springi. Dawa yake ni cheche. Mwombe fundi akiguse kisu kwenye grinda upande wa mpini. Chuma chenye kaboni ya kutosha hutoa cheche zinazopasuka kama vinyota vingi, ilhali chuma laini hutoa mistari mirefu isiyopasuka. Akikataa, nenda kwa jirani yake. Njia nyingine ni tupa: ikiteleza juu ya makali bila kung'ata, kisu kimechomwa vizuri, iking'ata kama inavyong'ata msumari, rudisha.

Kosa la pili ni haraka. Fundi amefua vizuri, amechoma vizuri, kisha mwishoni anakigandamiza kisu kwenye grinda hadi makali yanabadilika rangi na kuwa bluu. Bluu hiyo si urembo! Maana yake joto limepita kiasi na ule ugumu wote alioutafuta umeondoka. Nilipomuuliza fundi mmoja mzee kuhusu jambo hilo alinijibu, "Kijana wangu, mteja amesimama hapa anataka kisu sasa hivi, mimi nifanye nini?" Jibu hilo nililielewa ingawa sikulikubali. Ndoo ya maji kando ya grinda, chovya kila baada ya mguso, ni dakika ngapi hizo?

Na wale mafundi viatu wanaotengeneza visu kwa misumeno ya kukatia chuma? Kazi yao ni safi, lakini wajue kwamba misumeno mingi ya siku hizi imeunganishwa vyuma viwili: meno ni ya chuma kigumu sana, mgongo ni wa chuma laini kidogo ili usivunjike. Ukiyasaga meno ili utengeneze makali, umekitupa chuma chenyewe ulichokifuata.

Watu wengine huja na sumaku sokoni wakiamini kwamba isiponasa ndipo kisu kiwe bora. La hasha! Chuma kisichovutwa na sumaku kabisa ni kile cha vijiko na sufuria, nacho hakiwezi kufanywa kigumu kwa moto. Kisu cha namna hiyo kipelekeni kikapake siagi.

Hasara ya kisu cha springi ni kutu, nami siifichi. Kutu tuliisoma kidato cha kwanza: hewa na maji, basi. Ukikiacha ndani ya karai usiku kucha, asubuhi utakikuta chekundu. Nyanya, ndimu na vitunguu hukitia weusi, na shangazi alilalamika wiki nzima kwamba wateja watadhani ni mchafu. Lakini ule weusi si kutu nyekundu. Ukikolea vizuri hata hukipunguzia kisu kasi ya kushika kutu. Kitambaa kikavu na tone la mafuta ya kupikia humaliza maneno. Kwa nyumba yenye watoto wanaotupa vyombo majini na kukimbilia televisheni, au kwa anayeparua samaki mwenye chumvi, ningemshauri anunue stenlesi, ila aongeze pesa apate ya maana.

Kuna wanaodharau kisu cha fundi kwa sababu kimefuliwa na mtu mweusi mwenzetu chini ya jua. Hao wangesoma historia kidogo. Al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu wa karne ya 12, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na kwamba faida yao kubwa ilitoka humo. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti kuhusu Buhaya, kaskazini magharibi mwa Tanzania, wakionyesha kwamba pua ilikuwa ikiyeyushwa huko zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Kwa hiyo fundi wa Light Industries hakuokota ujuzi wa Wazungu. Tena anaufanya katika mazingira magumu: Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta aliposimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya minara ya stima iliyokuwa ikiangushwa, hata springi halali ya lori ikawa taabu kuipata hadi amri hiyo ilipolegezwa baadaye mwaka huo. Nao ujuzi wenyewe haufundishwi madarasani, kwa kuwa shule zenye somo la ufundi wa chuma ni chache mno.

Nimalizie na kisu cha kukunja, maana najua wavulana wa kidato cha nne walikuwa wakikingoja. Shuleni hakiruhusiwi, na mtaani kwetu kijana akipekuliwa na kukutwa nacho hataulizwa kama ni cha springi au stenlesi. Mwanagenzi wa stima na akiache ndani ya sanduku la vifaa pamoja na koleo na bisibisi. Kwake yeye nakubali stenlesi iliyo bora, kwa kuwa hukaa na jasho na haoni kinoo wiki nzima.

Najua wako wenzangu ambao hawatakubaliana nami, hasa wale ambao wazazi wao wanauza visu vya kung'aa. Na waandike katika toleo lijalo. Nitasoma, na nitawajibu.