Msimwonee fundi wa Masasi

Nimerudi toka kusini na nina neno.

Mjomba wangu wa Newala anauza maji kwa tela la pikipiki. Mnaoijua Newala mnajua habari ya maji: uwanda wa Makonde hauna mto, mvua inazama ardhini, na tangu miaka ya 1950 maji husukumwa kwa mashine toka bondeni. Bomba likikauka, watu humtegemea mjomba.

Ndoano ya tela ikakatika. Fundi wa Masasi akachomelea kipande cha springi ya lori, kazi safi kwa macho. Siku mbili baadaye, tela limeegeshwa tupu, weldi ikapasuka yenyewe. "Mjomba, huyu katuibia," akaniambia.

Nikabisha. Mwizi ni haidrojeni. Ilikuwa masika, na boksi la elektrodi lilikuwa wazi. Unyevu ulioingia kwenye ganda la elektrodi huvunjika kwa moto, na haidrojeni yake huingia kwenye chuma kilichoyeyuka. Hiyo ni atomi ndogo mno. Hata chuma kikishapoa inaendelea kupenya katikati ya atomi za chuma. Chuma kilichotulia safu zake zimenyooka kama mikorosho ya shamba lililopimwa. Springi iliyochomelewa safu zake zimevurugika, na haidrojeni inanasa humo kama maji kwenye barabara mbovu: ya mwanzo yanajaza mashimo, yanayofuata yanapita kwa kasi. (Kwenye aloi zisizo na mpangilio kabisa, kama paladi na silikoni, imepimwa: haidrojeni ikiongezeka inakwenda mbio zaidi.) Ikikusanyika penye mvutano, chuma hupasuka kama kigae, baada ya saa kadhaa au siku.

Si habari mpya. Mwaka 1875 William Johnson wa Manchester aliandika kwamba waya uliochovywa kwenye asidi hukatika kirahisi, ukiachwa muda hurudia hali yake. Mimi shuleni nilikariri kwamba haidrojeni ni nyepesi, basi. Hakuna aliyetupeleka karakana. Elimu gani hii inayomwacha fundi alaumiwe kwa jambo tulilolifanyia mtihani?

Nilipomweleza, fundi akacheka: alishaona kiangazi hazipasuki, akadhani ni bahati. Safari hii alifungua pakiti mpya, akapasha springi kwenye mkaa kabla ya kuchomelea, kisha akaifukia kwenye majivu ipoe taratibu.

Tela lina wiki ya tatu barabarani. Mjomba bado hajamwomba radhi.