Bukavu: udongo wa anayejenga juu, hasara ya anayekaa chini

Mvula za Septemba zikianza Bukavu, udongo mwekundu unashuka toka milima ya Kadutu na Bagira, unajaza kanivo na kuishia Ziwa Kivu. Chanzo kimoja kinaonekana kwa macho: mtu anakata mlima ajenge, udongo anaurundika kando ya barabara. Kanivo ikiziba, maji yanaingia nyumba za chini.

Kinga si ya bei kubwa: mtaro wa kugeuza maji juu ya parseli, mifuko ya mchanga upande wa chini, shitingi juu ya rundo. Vyote viwekwe kabla ya kuchimba msingi.

Lakini anayejenga juu haumii; anayeumia yuko chini. Ndiyo maana komine ikague kinga hiyo kwanza, ndipo itoe ruhusa ya kujenga.